Mashine Ambayo Kalisti Hakuinunua

Mume wangu Kalisti ni Mhaya wa Bukoba, na Mhaya hanunui kijiko mpaka asome ukoo wa kijiko. Nasema hivi kwa mapenzi. Nimeishi naye miaka ishirini na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kumsubiri achague vitu. Friji yetu ya hapa Lewisville ilichukua miezi mitatu. Gari ninaloendea kazini alilifanyia utafiti mpaka muuzaji akaacha kazi, akaja mwingine, na huyo naye akafunguliwa daftari la maswali kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo Machi ya mwaka huu aliposema anataka mashine ya kujazia risasi, nilijua Krismasi itatukuta bado tunachagua.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa sijui: risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki zima. Wapigaji wa hapa Texas huyaokota maganda hayo kwenye uwanja wa shabaha, wakayapeleka nyumbani, wakayanyoosha kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza, wakatia baruti na kichwa kipya. Ni halali kabisa. Wazee wa Kizungu wanaifanya kazi hiyo gereji huku wakisikiliza mpira redioni. Kwetu Tanzania ukimwambia mtu kwamba mumeo anatengeneza risasi nyumbani, atakuuliza kesi yake inasomwa lini.

Aliyemwingiza Kalisti kwenye mambo ya bunduki ni Elphas, Mluhya wa Kakamega anayefanya kazi uwanja wa ndege. Wamejuana miaka kumi. Siku Kalisti alipoapishwa kuwa raia, Elphas alimpeleka kupiga shabaha kama zawadi, na tangu hapo Jumamosi mbili kwa mwezi zikawa ndiyo ibada yao. Kalisti akanunua bunduki ya kuwindia, kisha bastola, akazifungia zote kwenye kabati la chuma gereji. Mimi sikupenda. Nilisema, nikasema tena, nikazoea.

Januari kazi ikaisha. Miaka kumi na saba alikuwa akipanga safari za mizigo katika ofisi moja ya Irving: lori gani litoke saa ngapi, lipite wapi, likutane na ndege ipi. Wakamwita kwenye kikao cha kompyuta cha dakika kumi, na wiki iliyofuata katoni ikaja kwa posta, ndani yake kikombe chake na picha ya binti yetu Angel. Ana miaka hamsini na sita. Ali-apply kila mahali, na kila mahali wakamjibu kwa adabu.

Hakumwambia mtu. Jumuiya yetu ya Watanzania, inayosali nyumba kwa nyumba kila mwezi na kujua mpaka rangi ya mapazia yako, iliambiwa Kalisti siku hizi anafanyia kazi nyumbani. Mimi ndiye niliyesema hivyo, mbele ya watu, huku nikigawa chapati. Alinitazama kwa shukrani, nami nikajiona mke mwema. Sasa hivi nikikumbuka natamani ningejimwagia chai.

Februari aliacha kunyoa ndevu. Nikirudi kazini namkuta gereji, amekaa ndani ya gari lililozimwa, mikono iko kwenye usukani. Namuuliza anakwenda wapi, anasema hakuna. Mimi ni nesi. Nilijua ninachokiona kama ninavyojua jina langu.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Kazini kwangu kila mgonjwa anayelazwa lazima aulizwe kama anafikiria kujiua. Swali hilo limo kwenye fomu, kati ya mzio wa dawa na namba ya ndugu wa karibu. Naliuliza kwa Kiingereza mara saba, mara nane kwa siku, kwa sauti ya upole niliyofundishwa, na watu wananijibu. Nimewauliza mabibi wa miaka tisini. Nimemuuliza polisi. Lakini kwa Kiswahili sentensi hiyo haijawahi kutoka mdomoni mwangu. Kwetu neno hilo halitajwi mbele ya mtu mzima, na mume wako ndiye mtu mzima kuliko wote. Ukilitaja umemvua nguo, tena umemwonyesha mlango. Nilirudi nyumbani kila siku nikiwa na swali hilo tayari, na kila siku nikamuuliza kama amekula.

Basi Machi Elphas akaja na ndoo ya maganda. "Bro, hizi nime-save mwaka mzima," akamwambia. "Tafuta mashine, ile press, tuanze ku-reload. Hii kukaa tu itakumaliza." Elphas hakujua kitu kuhusu kazi, au labda alijua. Asubuhi iliyofuata Kalisti alinyoa ndevu.

Nilisimama mlangoni mwa bafu nikamtazama akinyoa, nikatamani kumbusu Elphas.

Daftari jipya likafunguliwa. Kumbe mashine hizi ziko za aina tatu. Kuna ya hatua moja: unavuta mkono mara nyingi kwa risasi moja, kila mara unabadilisha kifaa. Kuna yenye kichwa kinachozunguka, hiyo vifaa vyote viko juu, unageuza tu. Halafu kuna ile kubwa ambayo kila ukivuta mkono risasi nzima inadondoka kwenye kikombe. Nyekundu, kijani, buluu, kila rangi na kampuni yake, na kila kampuni na washabiki wake wanaotukanana mtandaoni kuliko Simba na Yanga. Kalisti alipima meza. Alipima ukuta. Alimpigia simu mzee mmoja wa Oklahoma asiyemjua, wakaongea saa nzima kuhusu chuma.

Jioni alikuwa akija jikoni na daftari. "Mama Angel, wewe ungechagua ipi?"

Na mimi nilifanya jambo ambalo sijui niliite nini. Nilianza kumpinga. Kila alipokaribia kuamua, nilimletea dosari. Nikiwa mapumzikoni kazini nilisoma mabishano ya wanaume wenye ndevu ndefu na kofia za wachunga ng'ombe, nikarudi nyumbani na hoja. Nimesoma ile ya buluu inamwaga baruti. Nimesoma ile ya kijani mkono wake unalegea baada ya mwaka. Nesi mwenzangu Généreuse, mtu wa Bukavu, alichungulia simu yangu siku moja akashika mdomo. "Dada, uko natafuta vita na nani?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka, nikaenda chooni.

Sababu yangu ilikuwa moja. Mtu anayechagua mashine ya mwezi ujao ana mwezi ujao. Nilitaka achague mpaka kazi ipatikane, au mpaka nipate ujasiri, chochote kitakachotangulia. Miezi sita nilimlisha mume wangu mashaka, naye akayapokea, akayaandika, akayatafutia majibu. Tulikuwa na furaha kidogo, ukitaka ukweli wote.

Jumanne moja ya Septemba nilitoka kazini mapema, nikamkuta Elphas nje kwetu anafunga buti la gari lake. Hakunitazama usoni. "Ni vitu tu za Baba Angel, nime-keep kidogo," akasema, akaondoka bila hata kunywa maji, na Elphas si mtu wa kuondoka bila kunywa kitu.

Nikamuuliza Kalisti amempa nini.

"Vitu vyangu vya kuwindia," akasema. "Sitavihitaji."

Nikafikiria lile koti lake la kijani, buti, begi. Kwenye mafunzo yetu wanasema: mtu akianza kugawa vitu vyake, usisubiri. Nilisimama pale na mfuko wa mboga mkononi. Nilisema, "Umekula?"

Alhamisi akaja jikoni na daftari limefungwa. "Nime-decide," akasema. "Ile ya hatua moja. Ya polepole. Watu wanasema inachosha, lakini mimi nina muda. Jumatatu naagiza."

Sikuwa na dosari ya kumpa. Nilizimaliza zote mwezi Agosti. Nikamwambia ni chaguo zuri, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba kuchagua kumekwisha, na baada ya hapo hakuna kitu.

Nikampigia simu dada Flaviana, Houston.

Flaviana na mumewe Isack ndio wasimamizi wetu wa ndoa. Walisimama nasi altareni Bukoba, na kwetu msimamizi hamalizi kazi siku ya harusi. Ndoa ikiugua, kabla ya padri, kabla ya wazazi, unaita wasimamizi. Wao walitutangulia Texas, wanakaa Alief, huko huko Houston, wana duka la vyakula vya kwetu, na wameshasuluhisha ndoa za watu mpaka za Wakongo. Sikufikiria kumpigia daktari. Mimi, nesi wa miaka kumi na nne, nilifikiria wasimamizi.

"Dada, Kalisti hayuko sawa," nikasema.

"Ana mwanamke?"

"Hapana, dada."

"Anakunywa?"

"Hapana. Yuko gereji tu muda wote. Ni..." Neno lilifika kwenye meno. "Ni hiyo mashine ya risasi. Naogopa, dada."

"Mashine ya risasi! Yesu wangu! Ndani ya nyumba?" Nikamsikia anamwita Isack. "Mdogo wangu, usiseme zaidi. Jumamosi tunakuja."

Ningeweza kumrekebisha. Nilikuwa na Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa nzima.

Wakaja Jumamosi saa sita mchana, saa nne za barabara, na sufuria ya ndizi imefungwa kwa taulo kiti cha nyuma. Kalisti alishangaa, akafurahi, akawabebea mizigo. Tulikula. Tulipomaliza, Isack akajifuta mikono, akasema sala fupi, na kwa sala ile Kalisti akaelewa kwamba hawakuja kutembea. Akanitazama.

"Mama Angel, anza wewe," Isack akasema, maana ndivyo inavyokwenda, mlalamikaji ndiye anayeanza.

Niliitazama sufuria. "Hiyo mashine inanitisha," nikasema.

"Bwana Kalisti," Isack akasema, "umesikia. Mwanamke anaogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe, hapo hatuna cha kujadili. Halafu wewe ni mtu mweusi, jina lako wageni hawawezi kulitamka, unatengeneza risasi gereji. Siku FBI wakigonga utawaambia ni hobby?"

"Ni halali, kaka," Kalisti akasema taratibu.

"Halali kwa nani?"

 Kalisti alinigeukia tena, akanitazama kwa muda mrefu, na sasa najua alikuwa akinisubiri. Alikuwa ananipa nafasi niseme kitu kingine. Nilikuwa naye miezi sita ndani ya daftari lile, nikijua bei, uzito na rangi ya kila mashine, na mbele ya wasimamizi nilikaa kimya kama vile yote hayo yalikuwa wazimu wake peke yake.

"Nimeelewa, kaka," akasema. "Nimekosa. Mama Angel, nisamehe."

Flaviana akapiga kigelegele. Tukashikana mikono, tukasali. Ilikuwa suluhu nyepesi kuliko zote walizowahi kufanya, Isack alisema hivyo mwenyewe, na akataka kuing'oa shida na mizizi. Tukaenda gereji. Isack alikuwa bado na sahani ya matunda, akaiweka juu ya kabati la chuma ili mikono iwe huru, kisha akainua ndoo ya maganda. Flaviana akachukua daftari mezani na kulitia kwenye mkoba wake.

"Dada," nikasema, "na hilo kabati..."

"Kabati lina nini?"

Wote walinigeukia. Kalisti alisimama karibu na gari lake, mikono mifukoni.

"Hapana," nikasema. "Ni sahani tu. Usiisahau sahani."

Saa tisa waliondoka. Kalisti aliwapungia mkono mpaka gari likakata kona, akajilaza kidogo sebuleni, na saa kumi na moja akaingia jikoni kuosha vyombo. Alikuwa mtulivu. Alikuwa akiimba kidogo kidogo puani. Wagonjwa wangu wanaotulia ghafla hivyo ndio ambao huwa siwapi kisogo, na mimi nilikuwa nimempa mume wangu kisogo tangu Januari. Mwisho hofu ikalisukuma lile neno nje.

"Baba Angel, unataka kujiua?"

Akafunga bomba. Povu lilikuwa likimdondoka mikononi.

"Ndiyo maana uliwaita?"

"Ndiyo."

"Ungewaambia, basi."

"Sikuweza."

"Hata mimi sikuweza," akasema. Akafuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akaenda kwenye droo, akanipa ufunguo wa kabati. "Nenda kafungue."

Nilikwenda gereji, nikafungua kabati. Mlikuwa na vile vikinga masikio vya uwanjani, viwili, na kitambaa cha kufutia. Hamkuwa na bunduki. Hamkuwa na bastola.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Jumanne nilimwambia Elphas azichukue zote. Nilimwambia naogopa kukaa nazo nyumba moja. Hakuniuliza kitu. Alizibeba tu, akaniambia nikizitaka nimpigie."

"Na mashine je? Ya nini sasa, kama bunduki huna?"

"Mashine haimuui mtu, Melania." Huwa haniiti kwa jina langu. "Ukienda kazini nilikuwa nakaa na daftari mpaka unarudi. Nikajipangia. Jumatatu naagiza. Wiki mbili inafika. Siku mbili naifunga mezani. Halafu najifunza ganda moja moja, polepole. Siku nitakapokuwa na risasi ya kwanza niliyoitengeneza mwenyewe, nampigia Elphas anirudishie bunduki, na siku hiyo nitakuwa nimepona. Nilipanga hivyo. Ndiyo kazi ninayoijua, kupanga." Akaitazama meza iliyokuwa tupu. "Nilijua unanipinga makusudi. Ule mkono wa kijani haulegei hata kidogo. Nilikuwa nafurahi tu kwamba unasoma."

 Nilichukua simu nikampigia Flaviana, nikaiweka sauti ya nje ili Kalisti naye asikie. Nilimwomba wageuze gari, au wasimame popote walipo, nitalifuata daftari mimi mwenyewe.

"Daftari?" Flaviana alikuwa na furaha, nikasikia nyimbo za kwaya nyuma yake. "Mdogo wangu, tulia. Tulisimama Corsicana kutia mafuta, Isack akalitupa kwenye pipa pamoja na ile ndoo. Kabla hajalitupa alilichanachana, maana alisema shetani ana macho ya kusoma. Halitakusumbua tena. Mwambie shemeji tunampenda."

Kalisti alikuwa akisikiliza. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba Flaviana anamwona.

Nilimwambia tutaandika lingine. Nilimwambia nazikumbuka zote, bei na uzito na rangi, nitakaa naye leo hii tuandike upya, tuagize hata sasa. Nilikuwa nikisema haraka haraka na kwa sauti ya juu. Aliniacha nimalize.

"Mama Angel," akasema, "sina nguvu ya kuanza tena."

"Basi twende hospitali. Leo. Sasa hivi."

"Sawa," akasema.

Aliisema kwa sauti ile aliyomjibu Isack, laini, isiyobishana na mtu. Akakaa kwenye ngazi akavaa viatu, akafunga kamba vizuri, akaniuliza kama wasimamizi bado wako mbali na nyumbani. Nikasema bado saa mbili na zaidi.

"Watumie ujumbe waendeshe polepole," akasema. "Jumamosi jioni barabara ile inajaa malori."

Nikautuma. Nikachukua funguo za gari, nikamshika mkono, naye akanifuata bila kuuliza ni hospitali gani.